Chaja Mpya kwa Simu ya Zamani: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kulipa

Msafiri aliyetoka Uvira au Bukavu, akalivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, akapita Mbeya na kuingia Malawi kwa daraja la Songwe, aghalabu hufika Dzaleka akiwa na mizigo michache, na miongoni mwake imo simu na chaja yake. Chaja hiyo ina meno mawili ya mviringo, kwa kuwa ndivyo vilivyo vituo vya umeme vya Kongo, Burundi na Rwanda. Huku Malawi ukuta una matundu matatu bapa. Msafiri huyu hutazama, hujaribu, kisha mwenyeji mwenye nia njema humfundisha maarifa ya haraka: chomeka ncha ya kalamu katika tundu la juu, matundu mawili ya chini yatafunguka, nawe sukuma meno yako ndani. Umeme huja. Simu huanza kuchaji. Na hatari huanza saa ile ile.

Makala haya yanawahusu wasomaji wetu wa Dzaleka, wa Kauma na mitaa mingine ya Lilongwe, pamoja na wote wanaoishi karibu na mipaka na kununua bidhaa zinazovuka mipaka hiyo kila siku. Huenda msomaji akajiuliza polisi wana shughuli gani na chaja za simu. Jawabu ni kwamba nyumba ikiungua, mtoto akipigwa na umeme, au simu ikiibwa kibandani ilikoachwa ichajiwe, shauri hilo hufika mezani kwetu, na wakati huo huwa limekwisha kuharibika. Tunaona ni heri tuzungumze mapema.

Tuanze na lile tundu la juu. Limewekwa kwa ajili ya waya wa ardhini, na jino lake limefanywa refu kuliko mengine kwa makusudi: likiingia kwanza ndipo vifuniko vidogo vya matundu mawili ya chini vifunguke. Vifuniko hivyo ni ulinzi wa watoto, ili kidole au msumari usiguse umeme wa volti 230. Anayevifungua kwa kalamu amekwisha kuuvunja ulinzi huo. Tena meno ya mviringo hayashikwi sawasawa na vyuma vilivyotengenezewa meno bapa. Huachana kidogo, cheche hurukaruka, joto hupanda, na plastiki ya ukutani hugeuka rangi ya kahawia kabla ya kuyeyuka. Dawa yake ni kununua kibadilishi cha plagi chenye meno matatu bapa, au kununua chaja iliyotengenezwa kwa plagi ya hapa.

Wapo pia waliotumiwa simu na ndugu walioko Marekani, Kanada au Australia. Tangu Oktoba 2020 kampuni ya Apple iliacha kuweka chaja ndani ya kasha la iPhone mpya, na kampuni nyingine kubwa zikafuata. Kwa hiyo simu nzuri hufika ikiwa na waya tu, na mwenyewe analazimika kutafuta chaja sokoni. Hilo si kosa, wala chaja ya kampuni nyingine si lazima iwe mbaya. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, Umoja wa Ulaya unataka simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la aina ya C, ili chaja moja iweze kuhudumia simu za makampuni mbalimbali. Basi la kuuliza si nembo iliyobandikwa juu, bali kazi iliyofanywa ndani.

Kilichomo ndani

Umeme wa ukutani ni volti 230, nao hubadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Betri ya simu ikijaa huwa na volti 4.2 au zaidi kidogo. Kati ya viwili hivyo imesimama chaja, kijisanduku kinachoingia kiganjani. Kwanza huunyoosha mkondo wa ukutani uelekee upande mmoja, na kilele chake ndani ya chaja hufika karibu volti 325. Kisha huukatakata mkondo huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma ndogo, yaani nyuzi za shaba zilizozungushwa mafungu mawili yasiyogusana. Nguvu huvuka kutoka fungu moja hadi jingine kwa njia ya sumaku, pasipo waya kuunganika, na upande wa pili hutoka volti 5.

Usalama wote wa mtumiaji umo katika maneno hayo: pasipo waya kuunganika. Mtengenezaji mwaminifu huacha nafasi ya milimita kadhaa kati ya upande wa volti nyingi na upande wa simu, huzungushia nyuzi utepe wa kuzuia umeme, na hutumia vipuri vilivyopimwa, ambavyo hata vikifa havitauruhusu umeme kuvuka. Mwigizaji hupunguza nafasi hiyo hata isitimie milimita moja, huuacha utepe, na huweka kipuri cha kawaida mahali pa kile cha usalama. Kwa nje chaja hizo mbili ni mapacha. Siku ya joto kali, au siku umeme unaporudi kwa kishindo, ile ya pili inaweza kuupeleka umeme wa ukutani moja kwa moja katika waya ulioshikwa na mtu akizungumza na simu sikioni.

Haya si maneno ya kutishia watu. Mwaka 2016 kampuni ya UL, ambayo kazi yake ni kupima usalama wa vifaa vya umeme, ilizipima chaja 400 bandia zilizoigizwa kwa nembo ya Apple. Zaidi ya 99 katika kila 100 zilishindwa jaribio, na 12 kati yake ziliundwa vibaya kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa umeme. Mwaka uliofuata, shirika la Uingereza liitwalo Electrical Safety First lilizipima nyingine 64, na 98 katika kila 100 hazikufaulu. Chaja zilizopimwa zilinunuliwa kama wanunuavyo watu wote, wala hazikuokotwa jaani.

Macho na mkono

Mnunuzi hawezi kuipasua chaja dukani. Anaweza, hata hivyo, kuitazama na kuipima mkononi. Ishike: chaja njema ina uzito wa shaba na chuma ndani yake, ilhali ile nyepesi kama kiberiti kitupu inakueleza kwamba kuna vitu vilivyopunguzwa. Itikise karibu na sikio. Kisiwe na kitu kinachocheza ndani. Tazama maungio ya kasha. Kasha linalofunguka kwa ukucha litafunguka pia siku litakapoanguka sakafuni, na mtoto ataweza kuvifikia vilivyomo.

Meno yake yawe laini, yaliyonyooka, na yaingie ukutani pasipo kulazimishwa wala kulegea. Katika plagi ya meno matatu bapa, meno mawili ya chini huwa yamefunikwa plastiki nyeusi nusu yao kuelekea kwenye kasha, ili kidole kinachoshika plagi iliyotoka nusu kisiguse chuma chenye umeme. Aidha, kutoka ukingo wa jino hadi ukingo wa kasha pasipungue milimita 9.5, karibu na upana wa kidole chembamba. Waigizaji wengi hukosea hapo kwa sababu wanataka chaja iwe ndogo ya kupendeza.

Kisha soma maandishi. Neno INPUT laeleza umeme unaoingia. Nasi twataka lifuatiwe na 100–240V, au angalau kiwango ambacho 230 imo ndani yake. Chaja iliyoandikwa 120V peke yake ni ya Amerika, na ukiichomeka hapa, hata kwa kibadilishi cha plagi, itakufa mara moja na pengine itashika moto. Kibadilishi hubadili umbo la meno tu, hakibadili umeme. Tafuta vilevile alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, maana yake kifaa kimehamiwa mara mbili na hakitegemei waya wa ardhini. Maneno yaliyoandikwa kwa makosa ya tahajia, jina la mtengenezaji lisilokuwapo, au herufi zinazofutika kwa kidole chenye mate ni sababu ya kuirudisha chaja mezani.

Ama kuhusu alama ya CE na nembo za mashirika ya viwango, tuseme ukweli: anayeweza kuigiza chaja hashindwi kuigiza alama yake. Alama ni mwanzo wa maswali, si mwisho. Kwa hapa Malawi mwenye dhamana ya viwango ni Malawi Bureau of Standards, yaani MBS, yenye makao makuu Blantyre. Ng'ambo ya Songwe ni Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Bidhaa iliyopitia mikononi mwao ina karatasi zake, na mfanyabiashara aliyeiingiza kwa njia halali huweza kuzionesha. Iliyopita njia za panya haina karatasi, na ikikudhuru hakuna wa kuulizwa.

Hesabu ya volti na ampea

Neno OUTPUT laeleza kinachotoka. Kwa chaja ya kawaida ni 5V, ikifuatiwa na kiasi cha mkondo, mathalani 1A au 2A. Zidisha namba hizo upate wati: volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10. Wengi huogopa kwamba chaja yenye ampea nyingi itaisukumia simu umeme kupita kiasi na kuipasua betri. Hofu hiyo haina msingi. Ampea ni mfano wa kisima: mtungi wa lita 10 hauchoti lita 20 kwa kuwa kisima ni kikubwa. Simu yenyewe ndiyo inayochota, kwa kiasi inachohitaji. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa, yaani chaja dhaifu kuunganishwa na simu kubwa, ikavutwa zaidi ya uwezo wake mchana kutwa hadi ikaungua.

Chaja za haraka huandika mistari kadhaa, kama 5V 3A na 9V 2A. Hizo nazo hazina hatia. Huanza kwa volti 5, hulizana na simu kwa ishara zinazopita katika waya, na hupandisha volti pale tu simu inapokubali. Simu isiyojua lugha hiyo itabaki kupata volti 5. Wenye Tecno, Infinix au simu nyingine zenye mtindo wao wa kuchaji haraka wajue kwamba kwa chaja ya kampuni nyingine simu huenda ikachaji polepole kuliko ilivyoandikwa kwenye kasha. Huo si ubovu. Bali mashaka yawepo pale chaja ndogo, ya bei ndogo, inapojitangaza kwa wati nyingi ajabu.

Waya nao husahauliwa. Tuchukue waya mwembamba ambao nyuzi zake zina ukinzani wa nusu omu kwenda na kurudi. Ukipitisha ampea 2, volti 1 nzima itapotelea njiani. Simu itapata volti 4 badala ya 5, nayo itasitasita kuchaji au itaacha kabisa. Na wati 2 zitageuka joto ndani ya waya wenyewe. Mtu hulaumu betri, akanunua betri mpya, tatizo likabaki. Waya mnene na mfupi ni bora kuliko mrefu na mwembamba, na waya uliochunika shingoni haufungwi kwa gundi ya karatasi ukaendelea kutumika.

Ukifika nyumbani, ichunguze chaja mpya ukiwa macho, mchana, juu ya kitu kisichoungua kama sakafu ya saruji. Baada ya robo saa iguse. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa huwezi kuikumbatia kiganjani kwa sababu ya joto, ikinuka plastiki au ikilia kwa mlio mkali, ichomoe na usiirudie. Ipo dalili nyingine ambayo wengi huidhania ni ugonjwa wa simu: kioo kinachoruka, kujiandikia au kukataa kidole pindi simu inapochaji, kisha kutulia ikichomolewa. Mara nyingi aliyekosa ni chaja inayotoa umeme mchafu usiochujwa.

Umeme unaokatika, sola na vibanda

Tarehe 24 Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu bwawa la Kapichira katika mto Shire, na Malawi ikapoteza takriban megawati 130 kwa mkupuo mmoja. Waliokuwa hapa wanakumbuka miezi ya giza iliyofuata. Lakini hata katika siku njema umeme hukatika na kurudi, na urejeapo huweza kuja na msukumo mkubwa unaouvunja upande dhaifu wa chaja. Ukikatika, chomoa; urudipo, subiri dakika chache taa zitulie ndipo uchomeke. Hili halina gharama.

Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 umbali wa takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe, ilikusudiwa watu wachache mno kuliko wanaoishi humo leo, ambao wamepindukia 50,000. Si kila nyumba ina umeme. Watu hutumia sola, na hapa tunaomba usikivu. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa hata volti 21 juani ikiwa haijaunganishwa na kitu. Kuifunga moja kwa moja na simu kwa waya uliokatwa ni kuiua simu na kuiwasha betri. Kati ya paneli na simu lazima kiwepo kidhibiti, na kati ya betri ya volti 12 na simu iwepo chaja ya gari iliyo nzima, kwani ile mbovu ikifa huipitishia simu volti 12 zote. Vilevile tunaionea shaka ile chaja ya kubana betri iliyotolewa ndani ya simu. Betri ikiwa ndani ya simu hulindwa na simu. Ikiwa nje, imekabidhiwa kijisanduku cha plastiki ambacho mara nyingi hakijui wakati wa kuacha.

Wengi hupeleka simu kwenye vibanda vya kuchajia. Wenye vibanda hivyo wanafanya kazi ya manufaa, na wengi wao ni waaminifu. Hatuandiki ili kuwaharibia riziki. Hata hivyo, simu iliyoachwa kibandani ni fedha iliyoachwa kibandani, maana ndani yake kuna Airtel Money au Mpamba, picha za vyeti, na namba za ndugu ambazo mkimbizi hana mahali pengine pa kuzipata. Bonyeza *#06# uandike kwenye karatasi zile tarakimu 15 zinazotokea. Simu ya laini mbili itakupa mafungu mawili, andika yote. Pasipo namba hizo, simu ikipatikana mikononi mwa mwizi, huwa vigumu kwetu kuthibitisha kuwa ni yako. Funga simu kwa namba ya siri usiyompa mhudumu, hata akidai anataka tu kuona kama imejaa. Ukiweza, ichomoe laini ukae nayo. Dai kikaratasi chenye namba. Na ikiwa simu imechomekwa kwenye kompyuta ikakuuliza kama unaiamini au unaruhusu data, jibu hapana. Kuchaji hakuhitaji ruhusa hiyo.

Bei na risiti

Twajua kwamba mwenye kwacha chache haambiwi anunue cha ghali akaelewa. Hata hivyo, yafaa kuhesabu upya. Chaja tatu za bei ya chini zinazokufa ndani ya mwaka mmoja huweza kuipita bei ya moja njema, na hapo hatujahesabu simu. Penye uhaba, familia mbili jirani zinaweza kuchangia chaja moja nzuri yenye matundu mawili. Tumeona watu wakichangia vitu vikubwa zaidi.

Nunua kwa mwenye mahali pa kudumu, awe wa duka au wa meza katika soko la Tsoka, mradi kesho utamkuta. Mchuuzi apitaye basini pengine naye ametapeliwa na aliyemuuzia, hatumwiti mhalifu. Lakini hutamwona tena. Omba chaja ijaribiwe mbele yako na uandikiwe risiti yenye tarehe na jina la bidhaa. Sheria ya Malawi ya Kulinda Walaji ya mwaka 2003 inamtambua mnunuzi na haki yake, naye mkimbizi akinunua ni mnunuzi. Lalamiko dhidi ya muuzaji asiyetaka kusikia huweza kupelekwa kwa tume ya ushindani na biashara ya haki, iitwayo CFTC, na suala la ubora kwa MBS. Ukikuta chaja zinazowaka mtaani kwenu, usiitupe iliyoungua. Ifunge katika karatasi, uilete kituoni pamoja na risiti. Kwetu hicho ni kielelezo.

Ajali ikitokea

Aliyeshikwa na umeme usimguse kwa mkono. Zima swichi ya ukutani au swichi kuu kwanza. Ukishindwa, simama juu ya ubao mkavu, umsukume mbali na waya kwa fimbo kavu ya mti. Akiwa hapumui, anayejua kumsaidia kupumua aanze mara moja wakati mwingine anakwenda kutafuta gari, na apelekwe hospitali hata akisema amepona, kwa kuwa umeme huweza kuudhuru moyo pasipo kuacha jeraha la nje.

Chaja ikishika moto, usimwagie maji kabla ya kukata umeme. Simu ambayo betri yake imevimba isitobolewe wala isikandamizwe. Iweke nje, mbali na nyasi na turubai, juu ya mchanga au jiwe. Usichaji chini ya mto wala juu ya godoro, na katika nyumba ya paa la nyasi usiache chaja ikifanya kazi watu wote wamelala au wametoka. Namba za dharura nchini Malawi ni 997 kwa polisi, 998 kwa gari la wagonjwa na 999 kwa zimamoto. Ziandike ukutani, mahali ambapo mtoto anaweza kuzisoma, kwa sababu siku hiyo huenda simu inayoungua ndiyo ilikuwa imezihifadhi.